Tarakilishi yasoma jeni za saratani ya mapafu, lakini bado haiwajui vyema watu wa Mombasa

KATIKA Mji wa Kale wa Mombasa, ukoo bado humtangulia mtu. Mgeni akiulizwa ni wa nani, jibu lake laweza kuwapeleka wasikilizaji Hadhramaut, Maskati, Baluchistan, Gujarat, Barawa au Pate, ama likawarudisha papa hapa karibu, ng'ambo ya kivuko, kwa jamaa zake Wamijikenda. Waswahili wenyewe wa kisiwa hicho wamejipanga tangu kale katika Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao wamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wapate na Wafaza. Baadhi ya majina hayo yanataja miji ambayo mababu waliihama kabla ya kutia nanga Mvita.

Kwa muda mrefu habari hizo za asili ziliachiwa wazee na wanahistoria. Leo zinawahusu pia madaktari wa saratani. Matibabu ya kisasa ya saratani ya mapafu hutegemea usomaji wa jeni za uvimbe. Usomaji huo hufanywa na tarakilishi. Na tarakilishi haiwezi kuitambua herufi iliyoharibika katika jeni iwapo haijui herufi hiyo huwaje kwa watu wa jamii ya mgonjwa ambao hawaugui. Hifadhi kubwa za kumbukumbu za jeni duniani zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Watu wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao damu yao imechanganyika kwa miaka elfu moja, ni wachache mno humo.

Saratani ya mapafu ndiyo iliyoua watu wengi zaidi duniani kuliko saratani nyingine yoyote mnamo mwaka wa 2022. Kwa mujibu wa makadirio ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 2.5 waligunduliwa kuwa nayo mwaka huo, na wapatao milioni 1.8 walifariki. Nchini Kenya, makadirio hayo yalionyesha visa vipya zaidi ya 44,000 vya saratani za kila aina, huku saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi na ya tezi dume zikiwa mbele sana ya ile ya mapafu.

Idadi hiyo ndogo, hata hivyo, haipasi kumfariji mtu upesi. Kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu, homa za usiku na kukonda ni dalili ambazo daktari yeyote nchini huzihusisha kwanza na kifua kikuu, na ana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa kifua kikuu kingalipo na kinaua. Matokeo yake ni kwamba wagonjwa kadhaa wa saratani humeza dawa za kifua kikuu kwa miezi kabla ya mtu kuamua kuchukua kipande cha nyama ya pafu na kukipeleka kwa mwanapatholojia. Kufikia hapo, ugonjwa huwa mara nyingi umekwisha kutoka kwenye pafu na kwenda kwenye mifupa, ini au ubongo.

KOSA LA HERUFI

Kila seli ya mwili hubeba DNA, uzi mrefu wenye maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Herufi hizo ni takriban bilioni tatu. Mradi wa kimataifa wa kuziorodhesha ulitangazwa kukamilika mwezi wa Aprili 2003, ingawa sehemu kadhaa ngumu zilibakia na hazikusomwa hadi miaka karibu 20 baadaye.

Seli inapojigawa hulazimika kunakili maagizo hayo yote. Makosa hutokea, na mengi hurekebishwa papo hapo. Moshi wa tumbaku huyaongeza makosa kupita uwezo wa fundi huyo wa ndani. Miongoni mwa sumu zake imo ile iitwayo benzopaireni, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa kemikali inayonata kwenye herufi G. Seli ikija kunakili mahali palipogandwa na kemikali hiyo, husoma vibaya, na pale palipokuwa na G huishia kuwa na T. Mnamo mwaka wa 1996 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba sumu hiyo hunata hasa kwenye maeneo yale yale ya jeni TP53 ambayo huonekana yameharibika katika uvimbe wa wavutaji. TP53, iliyoko kwenye kromosomu ya 17, ni askari wa seli: kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isiendelee kuzaana. Askari akiuawa, mlango umebaki wazi.

Hesabu za makosa haya ziliwezekana tu pale mashine za kusoma DNA zilipopungua bei na tarakilishi zilipopata nguvu. Mwaka wa 2010 kundi moja la wanasayansi liliusoma uvimbe wa mapafu wa mvutaji sigara mmoja na kukuta zaidi ya herufi 50,000 zilizobadilika. Kundi jingine, lililochunguza aina nyingine ya saratani hiyo, lilikadiria kwamba seli hupata badiliko moja kwa kila sigara 15 zinazovutwa. Mnamo mwaka wa 2016 ikakadiriwa kuwa anayevuta pakiti moja kwa siku huongezewa wastani wa mabadiliko 150 katika kila seli ya pafu kwa mwaka mmoja.

Katika makumi ya maelfu hayo, ni machache mno yanayousukuma ugonjwa. Wanasayansi huyaita hayo machache madereva, na mengine yote huyaita abiria. Kumtambua dereva ndani ya gari lililojaa kiasi hicho ndiyo kazi hasa ya taaluma ya bayoinfomatiki, yaani uchanganuzi wa habari za viumbe kwa kutumia tarakilishi.

Dereva mashuhuri kuliko wote katika saratani ya mapafu ni jeni EGFR. Protini inayotengenezwa kwa maagizo yake hukaa kwenye utando wa nje wa seli na kupokea amri ya kukua. Inapoharibika, huwa kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Kisa cha kugunduliwa kwake kinafaa kuelezwa, kwa sababu ndicho kilicholeta suala la asili ya mtu katika chumba cha daktari. Kidonge kiitwacho gefitinib kilikuwa kimeanza kutumiwa, na kwa wagonjwa wengi hakikufua dafu. Kwa wachache, hata hivyo, uvimbe ulinywea kwa namna ambayo haikuwa imeonekana awali. Mwaka wa 2004, makundi ya watafiti mjini Boston, Marekani, yalisoma jeni EGFR za wagonjwa hao na kukuta kwamba waliopona nafuu walikuwa na mabadiliko ndani yake. Mojawapo ni la herufi moja tu: katika nafasi ya 2573 ya maagizo ya jeni hiyo, T imegeuka G.

Kundi mojawapo lilikuwa limelinganisha uvimbe kutoka nchi mbili. Kati ya 58 kutoka Japani, 15 ulikuwa na mabadiliko katika EGFR. Kati ya 61 kutoka Marekani, ni mmoja tu. Utafiti mwingi uliofuata ulithibitisha tofauti hiyo: katika aina ya saratani ya mapafu inayoitwa adenokasinoma, mabadiliko ya EGFR hupatikana kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Asia ya Mashariki, lakini kwa asilimia 10 hadi 15 tu ya wenye asili ya Ulaya. Wagonjwa wa Bara Hindi huwa katikati. Jeni nyingine, KRAS, huenda kinyume: huharibika zaidi kwa wavutaji wa asili ya Ulaya, na haikupata dawa yake iliyoidhinishwa hadi mwaka wa 2021, karibu miaka 40 baada ya kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Je, mgonjwa wa Kibokoni au wa Kuze, ambaye nyanya yake mmoja ni Mmijikenda na babu yake ni Mhadhrami, ahesabiwe upande gani? Hapana jedwali linaloweza kumjibu. Lazima uvimbe wake mwenyewe usomwe.

NAMNA TARAKILISHI INAVYOSOMA

Kazi huanza kwa sindano au mrija unaoingizwa kifuani na kutoa kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mchele. Kipande hicho huhifadhiwa kwa formalini, hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba mno. Mwanapatholojia hukitazama kwa hadubini, na akithibitisha saratani, sehemu yake yaweza kutolewa DNA.

Mashine haisomi DNA kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu asomavyo msahafu. Huikatakata kuwa vipande vya herufi kama 150 hivi na kusoma mamilioni ya vipande hivyo kwa pamoja, bila mpangilio. Tarakilishi ndiyo hupewa kazi ya kuvipanga upya kwa kuvilinganisha na nakala ya marejeo, yaani mpangilio wa DNA ya binadamu uliokubaliwa kimataifa. Inapokuta kipande kinachotofautiana na nakala hiyo, huweka alama.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Alama moja yaweza kuwa na sababu nne. Pengine mashine ilikosea kusoma. Pengine formalini iliiharibu nyama. Hujulikana kwa kugeuza C kuwa T, na nyama iliyokaa miaka mingi kabatini hujaa makosa ya namna hiyo. Pengine herufi hiyo ni ya mgonjwa tangu kuzaliwa, ameirithi kwa mama au baba, wala haina madhara yoyote. Au pengine ni badiliko la kweli la saratani. Programu za kuchuja, kama vile Mutect iliyotolewa na Taasisi ya Broad ya Marekani mwaka wa 2013, hutumia kanuni za takwimu kuamua. Ikiwa mahali pamoja pamesomwa mara 500 na herufi mpya imeonekana mara mbili, huenda ni kosa la mashine. Ikionekana katika karibu nusu ya masomo, inanukia urithi, kwa kuwa kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Ikionekana katika asilimia 20 au 30, saratani hushukiwa, kwa sababu nyama iliyotolewa huwa imechanganyika na seli nzima zisizo na ugonjwa. Lakini vipimo hivi hupishana na kufunikana, hasa uvimbe unapokuwa umejaa katika kipande chote.

Njia ya uhakika ya kutenganisha urithi na ugonjwa ni kusoma pia damu ya mgonjwa huyo huyo. Herufi iliyoko katika damu na katika uvimbe ni ya kuzaliwa nayo. Iliyoko katika uvimbe peke yake ni ya saratani. Njia hii ni nyepesi kueleza lakini ni ghali, kwa kuwa gharama ya kusoma huongezeka karibu maradufu. Maabara nyingi, hata katika nchi tajiri, husoma uvimbe peke yake, kisha huiuliza tarakilishi: herufi hii imepata kuonekana kwa watu wasiougua waliomo katika hifadhi za jeni? Ikiwa imeonekana, huondolewa. Ikiwa haijaonekana, huhesabiwa kuwa ni badiliko la saratani.

Kwa mtu ambaye jamii yake haimo katika hifadhi, hukumu hiyo ya pili ni ya kutilia shaka.

Nakala ya marejeo yenyewe ina historia ya kustaajabisha. Takriban asilimia 70 yake ilitokana na mtu mmoja aliyejitolea baada ya tangazo la gazeti mjini Buffalo, jimbo la New York. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, uliowahusu watu 910 wenye asili ya Afrika, ulipata takriban herufi milioni 296 ambazo hazikuwa katika nakala hiyo kabisa. Mwaka wa 2020, mradi wa H3Africa ulichapisha usomaji wa DNA za watu 426 kutoka nchi 13 za Afrika. Kutoka kwa kundi hilo dogo tu zilipatikana tofauti zaidi ya milioni tatu zisizokuwa zimeandikwa popote. Ni tofauti za kawaida, za watu waliokuwa wakienda zao kazini na sokoni. Uvimbe wa mmoja wao ungesomwa bila damu yake, baadhi ya tofauti hizo zingehesabiwa kuwa kazi ya saratani.

Athari yake si ya vitabuni tu. Mnamo mwaka wa 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kuamsha kinga ya mwili, pembrolizumab, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao, uwe wa kiungo chochote, una mabadiliko 10 au zaidi kwa kila herufi milioni moja na ambao hawana tiba nyingine ya kuridhisha. Miaka miwili baadaye watafiti nchini humo walionyesha kwamba, pale uvimbe unaposomwa bila damu, hesabu hiyo hupanda isivyo halali kwa wagonjwa wasio wa asili ya Ulaya, na kupanda zaidi kwa wenye asili ya Afrika. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgonjwa ana mabadiliko sita ya kweli kwa kila herufi milioni. Tarakilishi inaongeza matano ya kurithi ambayo haikuyajua. Ripoti inasoma 11. Familia inauza kiwanja kulipia dawa ambayo haikuwa ya mgonjwa wao, na miezi ambayo angetibiwa kwa njia nyingine inapita.

Ni haki pia kusema kwamba kasoro hii haigusi kila kipimo. Lile badiliko la EGFR la T kugeuka G ni lile lile kwa Mjapani, Mwingereza au mkazi wa Ndia Kuu, na kuna vipimo vya bei nafuu vinavyolitafuta peke yake bila kusoma jeni nyingine wala kuhitaji tarakilishi kubwa. Mgonjwa mwenye adenokasinoma anayeambiwa kuwa asili yake ya Kiafrika inamwondolea haja ya kipimo cha EGFR amepewa ushauri usio na msingi.

MIFUPA YA MTWAPA

Kuhusu jeni za watu wa Pwani, ushahidi mkubwa kuliko wote haukutoka hospitalini. Ulitoka makaburini. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale kutoka miji ya Waswahili, miongoni mwake Mtwapa, Faza na Manda nchini Kenya, pamoja na Kilwa na Songo Mnara nchini Tanzania. Miongoni mwa waliouongoza ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya aliyechimba magofu ya Mtwapa kwa miaka mingi, na mwanajenetiki David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mtwapa na Faza, kama ilivyotajwa, ni miji iliyowapa majina Wamtwapa na Wafaza wa Mombasa.

Programu zilizotumiwa ni ndugu za zile za saratani: vipande vifupi vya DNA, nakala ya marejeo, uchujaji wa makosa, kisha takwimu. Ilibainika kwamba watu wa Afrika na wa Asia walianza kuoana katika Pwani hii kufikia takriban mwaka wa 1000. Kwa wengi wa waliochunguzwa, zaidi ya nusu ya DNA ilikuwa ya Afrika, na ilitoka hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyosalia ilikuwa ya Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya hiyo ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kiasi kilichobaki kilikuwa na asili ya Bara Hindi. Baada ya mwaka wa 1500 hivi, mchango wa Uarabuni uliongezeka, jambo linalooana na historia ya Waomani na Wahadhrami katika Pwani hii.

Yafaa utafiti huo usitumiwe kupimia Uswahili wa mtu, kama walivyokimbilia kufanya baadhi ya wasomaji wake. Makaburi yaliyochimbwa yalikuwa kwa sehemu kubwa ya watu wenye hadhi, na Waswahili wa leo wana mchanganyiko unaotofautiana sana baina ya familia moja na nyingine. Wala haukuhusu saratani. Hausemi kwamba mwenye babu wa Shiraz ana hatari zaidi au pungufu ya kupata uvimbe wa pafu. Unachokionyesha, na ambacho kinamhusu mtaalamu wa saratani, ni kwamba katika mtu mmoja wa Mji wa Kale, kipande kimoja cha kromosomu chaweza kuwa cha Afrika na kinachofuata kikawa cha Asia. Kumchuja kwa hifadhi ya Waafrika wa Magharibi peke yake kutaacha makosa. Kumchuja kwa hifadhi ya Waasia peke yake kutaacha mengine. Na katika mji ambao Mbohora, Mbulushi, Mbajuni na Mgiriama huweza kupanga foleni moja mbele ya dirisha la hospitali, kisanduku kimoja cha "Mwafrika" kwenye fomu ya maabara kinaficha zaidi ya kinachofichua.

ALAMA ZA MOSHI

Uchanganuzi wa tarakilishi una manufaa mengine yanayoigusa Mombasa kwa karibu. Tangu mwaka wa 2013 wanasayansi wamekuwa wakitambua alama ambazo kila kisababishi huziacha katika DNA, kama mwizi aachavyo alama za vidole. Moshi wa sigara huacha G nyingi zilizogeuka T. Miale ya jua huacha alama nyingine katika saratani ya ngozi. Kwa hivyo uvimbe wenyewe waweza kuulizwa ulisababishwa na nini, hata pale mgonjwa asipokumbuka au asipotaka kusema.

Mwaka wa 2025 ulichapishwa utafiti wa uvimbe wa mapafu wa watu 871 wasiopata kuvuta sigara, kutoka mabara manne. Waliotoka katika maeneo yenye hewa chafu zaidi walikuwa na mabadiliko mengi zaidi, yakiwamo ya TP53. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Taiwan ilionekana alama ya asidi ya aristolokia, sumu iliyomo katika baadhi ya dawa za mitishamba.

Kenya ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku mwaka wa 2007. Moshi wa malori ya dizeli yanayosubiri zamu kuelekea bandari ya Kilindini, na ule wa makaa katika majiko ya nyumba zilizobanana ambazo madirisha yake hutazama ukuta wa jirani, haukuguswa na sheria hiyo. IARC iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani mnamo mwaka wa 2012, na hewa chafu ya nje kwa jumla mwaka uliofuata. Kina mama wa Mji wa Kale wasiovuta sigara na wanaougua mapafu wangeweza kujibiwa na alama hizo.

Vifaa vya kazi hiyo haviko mbali kama inavyodhaniwa. Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari hutua Mombasa. Wa TEAMS, uliotoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, ulipokewa kisiwani mwaka wa 2009. Kilifi, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanzishwa mwaka wa 1989, ambacho wakati wa janga la korona kuanzia mwaka wa 2020 kilikuwa kikisoma jeni za virusi kutoka kaunti za Pwani, Mombasa ikiwamo. Mjini humo pia, Chuo Kikuu cha Pwani hufundisha bayoinfomatiki. Tofauti ni ya ukubwa: kirusi cha korona kina herufi takriban 30,000, ilhali binadamu ana bilioni tatu, na faili za mtu mmoja aliyesomwa DNA yote huzidi nafasi ya tarakilishi ya kawaida ya ofisini. Ndiyo maana hospitali nyingi husoma jeni mia kadhaa tu zinazojulikana kuhusika na saratani, na sampuli za Wakenya wengi wanaomudu kipimo hicho huishia kusomewa nchi za nje.

Sehemu ngumu zaidi ni ya mwanzo: kumpata mgonjwa mapema, kupata nyama ya kutosha, na kuihifadhi vyema. Katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi huiita Makadara, kama katika hospitali nyingine za rufaa nchini, kipande kilichoachwa katika formalini kupita muda wake hakitasaidiwa na tarakilishi yoyote.

Kuna pia hofu za watu, na hazistahili kupuuzwa. Wengi husikia neno jeni na kudhani kwamba ukoo mzima umetiwa doa, na kwamba mabinti watakosa wachumba. Mabadiliko mengi ya saratani ya mapafu hayarithiwi. Huanzia katika pafu na kuishia humo. Kile kinachorithiwa kimo katika damu, ile ile ambayo maabara huihitaji ili kuchuja vyema, na damu hiyo yaweza kusema mengi zaidi ya yaliyoulizwa: nani ni ndugu wa nani, na nani si mtoto wa nani. Katika mtaa ambao watu hujuana kwa majina ya mababu, kulifuta jina la mgonjwa kwenye faili hakutoshi kumficha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 imeziweka habari za jeni miongoni mwa data nyeti, ambazo haziwezi kupelekwa nje ya nchi bila idhini ya mwenyewe na uthibitisho kwamba zitalindwa huko ziendako. Katika orodha hiyo hiyo ya data nyeti, sheria imetaja kabila, hali ya ndoa, na majina ya wazazi, watoto na mume au mke wa mtu.